"Asema" si "alisema": kitenzi kimoja katika magazeti ya zamani

Chukua gazeti la Kiswahili la leo asubuhi ukahesabu "alisema" kwenye ukurasa wa kwanza peke yake. Waziri alisema, msemaji wa polisi alisema, mkazi aliyeomba jina lake lisitajwe alisema. Sasa weka kando yake jarida la miaka ya 1920 au 1930. Kitenzi ni kile kile, lakini kimevaa nguo nyingi: asema, wasema, akasema, amesema, husema, yasemekana, imesemwa. Anayechapa upya habari za namna hiyo mara nyingi huzifagia zote akaweka "alisema", akidhani anasafisha Kiswahili cha wazee. Kumbe anafuta habari. Kila umbo lilimwambia msomaji neno limepita mikononi mwa nani kabla ya kufika chapani.

Magazeti yale hayakuwa na jeshi la waandishi wa kutumwa huku na huku. Msimulizi, lililoanza Unguja mwaka 1888 chini ya UMCA, misheni ya Kianglikana, liliishi kwa barua na taarifa kutoka vituo vya misheni. Mambo Leo, lililotolewa Dar es Salaam na serikali ya Tanganyika kuanzia Januari 1923, lilitegemea sana waandikaji wa mijini na vijijini: walimu, makarani, watunga mashairi. Hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na mengi yaliyomo yalikuwa hoja za kidini na kijamii, si matukio ya jana. Baraza la Nairobi lilikuja mwaka 1939, vita vikibisha hodi. Kwa hiyo habari moja ingeweza kupita kwa aliyeona, kwa aliyesikia, kwa mwandika barua, kwa mhariri, kisha kwa yule anayewasomea wenzake barazani. Msomaji alihitaji kujua yuko kwenye pingili gani ya mnyororo huo, na alama yake ilikuwa imo ndani ya kitenzi chenyewe.

Mifano iliyo hapa chini nimeitunga kwa sura ya kurasa hizo. Si nukuu.

Nianze na "asema", kwa kuwa ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. "Mzee wa mtaa asema kisima kitafungwa." Msomaji wa leo huona wakati uliopo, akamwazia mzee mdomo wazi, anaongea sasa hivi. Sivyo. Hiki kiambishi -a- hakitaji saa. Kinasema kwamba neno lipo, lina mwenyewe, na mwenyewe hajalikana. Ndiyo maana kilifaa pia kwa maandishi: "barua yasema", "sheria yasema", "kitabu chasema". Karatasi haina mdomo, lakini ukiifungua kesho itasema lile lile. Habari iliyoandikwa kwa "asema" ilikuwa kama hati yenye sahihi: ukitilia shaka, nenda kamuulize mzee.

Mtu wa Mvita, yaani Mombasa, ana njia rahisi ya kuipata tofauti hii, kwa sababu mdomoni mwake bado anazo mbili. "Yuwasema" ni yule ambaye midomo inacheza sasa hivi, nyamaza umsikilize. "Asema" ni neno lililosimama. Kiswahili sanifu kimeibebesha "anasema" kazi zote mbili, na hapo ndipo mwanafunzi wa leo anapopotea. Mkutano ulioamua lahaja ya kusanifisha ulifanyika papa hapa Mombasa, mwaka 1928, ukachagua Kiunguja. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, na baada ya hapo vitabu vya shule vikafuata mkondo mmoja, magazeti nayo nyuma yake. Yuwasema ikabaki Kibokoni, mtaa wa Mombasa ya kale, na kwenye mashairi.

Kulikuwa na sababu ya mkono pia, wala si ya kudharau. Kichwa cha habari kilipangwa herufi moja moja za madini ya risasi ndani ya safu nyembamba. Asema ina herufi 5, anasema 7, amesema 7, yuwasema 8. Kwa herufi kubwa za kichwa, mbili tu zaweza kulisukuma neno la mwisho hadi mstari wa pili. Ndiyo maana vichwa vya habari vya Kiswahili vimeing'ang'ania -a- hadi leo, hata pale ambapo habari iliyo chini yake imeandikwa kwa -li- na -me- tupu. Ukiona "asema" kwenye kichwa peke yake, usiipe uzito wowote. Ukiiona ndani ya habari, katikati ya aya, hapo simama.

Kasoro ya umbo hili ni kwamba viambishi vya ngeli humezwa na -a-. "Wasema" yaweza kuwa wewe (u+a), wao (wa+a), au mkataba (u+a tena). "Yasema" yaweza kuwa barua moja, mikataba miwili au magazeti kumi. Kwa barua nyingi ni "zasema", kwa gazeti moja ni "lasema", hizo hazina shida. Penye "wasema" bila jina mbele yake, tafuta kirejeshi au kivumishi cha karibu. "Wasema uliyoyaona" ni wewe. "Wasema waliyoyaona" ni wao. Penye jibu la mhariri kwa msomaji, chukulia kwanza kuwa ni wewe. Mhariri wa enzi hizo alijibu barua kwa kumkabili mtu ana kwa ana: wasema hivi, nasi twasema hivi.

"Amesema" na "alisema" zilikuwa na kazi mbili mbalimbali, na sikio la Mombasa bado linazisikia. "Daktari amesema maji yachemshwe": agizo lingali juu ya vichwa vyenu. "Daktari alisema maji yachemshwe": alisema, lakini huenda mambo yamebadilika, au hakuna aliyemsikiliza, ngoja sentensi inayofuata. Kwa jarida la kila mwezi jambo hili lilikuwa muhimu kuliko kwa gazeti la kila siku. Neno lililotamkwa mwanzoni mwa mwezi lilisomwa mwishoni, hivyo -me- ilikuwa ndiyo njia ya mwandishi ya kusema kwamba limechelewa kukufikia ila bado halijachacha. Ukiibadilisha iwe -li- umelizika agizo.

Ushindi wa "alisema" naona ulikuja na tafsiri. Habari za vita na za serikali zilifika kwa Kiingereza, na Kiingereza kina umbo moja la kazi hii kwa hali nyingi. Mfasiri aliye mbioni akalipa mwenzi mmoja, akapata "alisema", akamaliza. Hilo si kosa la sarufi, maana sentensi zote zasimama sawasawa. Kilichopotea ni uchaguzi.

Sasa "akasema". Kiambishi -ka- hakina wakati wake chenyewe; hukopa kwa kitenzi kilichotangulia. "Meli ilitia nanga, nahodha akashuka, akasema safari imeahirishwa." Wakati wote umebebwa na ile -li- ya mwanzo. Hii ndiyo ngazi ya masimulizi, na mwandika barua aliyetumia -ka- alikuwa akikuambia: nilikuwapo, au nasimulia kama nilivyosimuliwa, kwa mfuatano. Tatizo huja unapotaka kunukuu. Watu hukata sentensi kuanzia "akasema", wakaibandika kwenye makala yao ikiwa haina mama wala baba. Namna ya kufanya ni kupanda juu, kitenzi baada ya kitenzi, mpaka ukutane na cha kwanza chenye -li-, -me- au hu-, ukakichukua pamoja na nukuu yako. Mara nyingine utapanda aya nzima. Kama nafasi haitoshi, eleza kwa maneno yako mwenyewe tukio lilikuwa lini na wapi, kisha ndipo ufungue nukuu.

Katika maandishi ya pwani ya kaskazini, mashairi hasa, -ka- ya nafsi ya kwanza hujificha. "Nikasema" hufupika ikawa "hasema". Nimeona hii ikisahihishwa kuwa "hasemi" na mtu aliyedhani ni ukanushi uliokosewa, na maana ikageuka kabisa: aliyenena akafanywa bubu. Kanusho la -a- huishia kwa i: hasemi. Ikiishia kwa a, na simulizi inasimuliwa na mimi, basi ni nikasema. Vivyo hivyo "hamwambia" ni nikamwambia. Na "kasema" isikutishe; ni akasema au amesema iliyopungua kichwa, na mazingira ndiyo yanayoamua ipi.

Alama za kufungua na kufunga usemi hazikutumika kila mahali, na katika maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hazikuwa desturi kabisa. Kazi hiyo ilifanywa na kitenzi. "Akasema, Nitarudi kesho, msifunge mlango. Wakamwitikia." Usemi unafunguka baada ya akasema na mkato, unafungwa pale kitenzi kingine cha -ka- kinapotokea na mtendaji mwingine. Kanuni hiyo hutosha mara nyingi. Inapokwama ni pale msemaji mwenyewe anaposimulia ndani ya usemi wake, akatumia -ka- zake. Hapo angalia nafsi: mimi na nyinyi ni za ndani ya usemi, yeye na wao ni za nje.

Mtego mkubwa zaidi ni huu: "akasema ya kuwa nitarudi kesho." Nani atarudi? Siyo mwandishi. Kiswahili cha masimulizi kinaruhusu "ya kuwa" au "ya kwamba" ifuatwe na maneno ya msemaji kama alivyoyatamka, bila kugeuza nafsi. Anayesoma kwa kanuni za shule atadhani mwandishi wa barua ndiye anayeahidi kurudi. Kwa bahati, hizi "ya kuwa" na "ya kwamba" zenyewe ni alama ya umri. Leo wengi huandika "kuwa" au "kwamba" tupu. Na "kwamba" yenyewe, ukiichana, ni ku + amba, yaani kusema. Kitenzi -amba kimekufa katika maongezi ya wengi, lakini mtoto wake "ambia" yu hai, na "ambaye" naye. Kwa hiyo aliyeandika "akasema kwamba" alisema mara mbili. Lugha haioni aibu kwa mambo kama hayo.

Kuna "yasemekana", na hapa nitakaa kidogo. Umbo hili lina -k- ya kuwezekana na -an- nyuma yake: neno lasemeka, laweza kusemwa, limo hewani. Halina mwenyewe. Linganisha na "watu wasema", ambalo lina mwenyewe japo ni umati, na "imesemwa", ambalo mwenyewe yupo ila kajificha, mara nyingi ofisini. Mwandishi makini wa zamani hakuyachanganya. "Imesemwa kuwa kodi italipwa mwezi ujao" ilitoka kwenye tangazo au kwa mkubwa. "Watu wasema kodi itapanda" ilitoka sokoni. "Yasemekana kodi itapanda" haikutoka popote, na msomaji alijua kuipokea kwa mkono wa kushoto. Leo "inasemekana" imekuwa mwavuli: mwandishi anaijua vizuri asili ya habari, hataki kuitaja, basi anaifunika. Kisheria mwavuli huo unavuja. Katika kesi ya kumchafulia mtu jina, kueleza kwamba ulikuwa ukirudia tu yaliyosemwa na wengine hakukutoi hatiani.

"Husema" ni jirani, lakini ni wa nyumba nyingine. Hu- haina nafsi wala wakati, hutaja mazoea. Wazee husema, Waswahili husema, kisha methali. Katika habari, "wavuvi wa pale husema samaki hukimbia kusi" si tukio la siku moja. Ukiandika "wavuvi walisema" umeyageuza maarifa ya miaka kuwa mahojiano ya asubuhi moja.

Kisha kuna maana zenyewe, achana na nyakati. Kitenzi kikichukua mtu kama shamirisho, maana hugeuka. "Alimwambia" ni kumpa habari. "Alimsema" ni kumkaripia au kumteta. Gazeti likiandika "barua hii yamsema karani", haina maana kwamba inamtaja, inamchamba. Kanga za Mombasa zinaijua maana hii vizuri zaidi ya kamusi: "Mtasema mchana, usiku mtalala" haiwahusu watu wanaotoa hotuba. "Kumsemea mtu" nako huenda njia mbili, kumtetea au kumchongea, na ni muktadha tu utakaokuambia ipi. "Kusemana" ni kugombana kwa maneno.

"Alisema na wazee" ilimaanisha aliongea nao. Macho ya leo, yaliyozoea "alizungumza na", yaweza kuisoma kwamba yeye pamoja na wazee walitoa tamko. Nimekutana na tafsiri yenye kosa hilo hilo, na baraza zima la wazee likapewa maneno ya mtu mmoja.

Neno "alidai" nalo lichungwe, ingawa ni kitenzi kingine. Siku hizi magazeti hulitumia kwa maana ya kusema jambo lisilothibitishwa. Katika kurasa za zamani, na hadi leo kwenye duka lolote la mtaani hapa, kudai ni kudai deni. Ukiona "alidai mbele ya kadhi", fikiria fedha, mahari au urithi kwanza, kabla hujamfanya mtu awe mwongo.

Mpangilio wa maneno una hadithi yake. Siku hizi twaandika: "Barabara itakamilika," alisema mhandisi. Kitenzi kimetangulia mtendaji, na vyote viwili vimekuja baada ya usemi. Wengine husema huo ni uzungu mtupu. Nusu kweli. Kitenzi kutangulia si kigeni pwani: khatibu hufungua kwa "Asema Mwenyezi Mungu" au "Amesema Mtume", akifuata mkao wa Kiarabu, na maandishi ya dini ya Mombasa yamejaa mkao huo. Tofauti iko katika mahali. Katika mkao wa hotuba ya msikitini, kitenzi huja kabla ya maneno, kwa kuwa msikilizaji lazima ajue kwanza ni maneno ya nani ndipo ayapime. Katika mkao wa shirika la habari, maneno huja kwanza na mwenyewe baadaye. Ukikuta ule wa kwanza, mwandishi ana chuo cha Kurani nyuma yake. Ukikuta wa pili, kuna karatasi ya Kiingereza mezani. Mwaka ule ule wa 1923 ambapo Mambo Leo lilianza, jarida la Time lilianza New York, nalo likajulikana kwa kupindua sentensi na kukwepa vitenzi vya kawaida. Mtindo huo una wajukuu kwetu: alifoka, alifichua, alidokeza, alikariri. "Alifichua" humhakikishia msomaji kuwa jambo ni kweli na lilifichwa, hata pale mwandishi hajathibitisha lolote kati ya hayo mawili. "Alisema", pamoja na ukavu wake, haijamdanganya mtu.

Ukurasa wa mashairi usiutumie kupima nathari. Mambo Leo lilichapa mashairi kwa wingi, ya Shaaban Robert yakiwemo, na mshairi huchagua umbo kwa mizani. Katika kipande cha mizani 8, "Mzee kasema hivi" inaingia, "Mzee akasema hivi" inazidi kwa moja, "Mzee anena hivi" inaingia tena. "Habari yasemekana" ni mizani 8 kamili. Haishangazi kuwa ni rahisi kuitia penye haja ya kipande. Nena nayo hupendwa kwa vina na kwa adabu yake, na katika Kimvita ni neno la kila siku kuliko wengine wanavyodhani.

Mwisho, kwa wanaotafuta ndani ya nakala zilizopigwa picha na kugeuzwa maandishi na kompyuta. Usitafute "sema". Utakosa semwa, aseme, hasemi, semeni. Tafuta "sem". Maandishi ya karne ya 19 mara nyingine hutenga ku- na kitenzi, kwa hiyo "ku sema" pia. Mashine ikisoma chapa iliyofifia huigeuza m ikawa r na n: aserna, amesema ikawa arnesema au ameserna, basi tafuta "sern" nayo. Neno refu kama yasemekana hukatwa mwishoni mwa mstari, na kila nusu hukaa peke yake. Tafuta "semek" kisha "mekana". Kwa -amba ya kale usijaribu bila subira, maana utaletewa kila shamba, kila kamba na kila kwamba. Na "sem" yenyewe itakuletea msemaji, misemo na semina, jambo linalovumilika, pamoja na kila habari iliyoandikwa mwezi wa Desemba.